Intaneti inachafua nini hapa Visiwani? Tuanze na jaa, si na video

Maalim_Vitongoji (mleta mada)

Assalaam alaykum wakuu.

Kuna klipu inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Konde hadi Makunduchi, inayosema ukiangalia filamu nusu saa mtandaoni umechafua hewa sawa na gari iliyokwenda kilomita 6. Wanafunzi wangu wameileta darasani, wazazi wameileta kwenye kundi la skuli, na hukumu ya wengi ni moja: watoto wapunguziwe bando, mazingira yatapona. Mimi nasomesha jiografia na jambo hili linaniuma, maana klipu ile inatupeleka kusiko.

Hesabu yenyewe ilitoka Ufaransa mwaka 2019, kwa taasisi iitwayo The Shift Project. Walisema nusu saa ya video ni kilo 1.6 za hewa ukaa. Mwaka 2020 George Kamiya wa Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) aliichambua hesabu ile, na Shift Project wenyewe wakairekebisha: palikuwa na mchanganyo wa biti na baiti (baiti moja ni biti nane), na hilo peke yake lilikuza jawabu mara nane. Wastani wa dunia alioufikia Kamiya ni kama gramu 36 kwa saa nzima. Tena nyingi katika hizo zinatokana na kioo unachoangalia. Televisheni ya inchi 50 inakula umeme kama mara mia ya simu ya mkononi. Mtoto aliyejikunyata na simu pembeni si mchafuzi wa kutafutwa kwa tochi.

Je, hakuna tatizo? Lipo, na ni kubwa. Kwa hesabu za IEA, vituo vya data duniani, yaani majengo yaliyojaa kompyuta (seva) zinazohifadhi na kutuma mambo ya mtandaoni, vilitumia kama terawati-saa 415 za umeme mwaka 2024 (terawati-saa moja ni uniti, yaani kilowati-saa, bilioni moja), karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na wanatarajia kufika kama 945 mwaka 2030. Ili tuone ukubwa wake: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115. Lau mitambo yake yote tisa ingezunguka usiku na mchana mwaka mzima bila kupumzika, isingefika terawati-saa 19. Zinatakiwa Rufiji 22 kulisha seva za dunia za mwaka 2024 tu.

Lakini kuna kitu kiko karibu zaidi na sisi kuliko hizo seva, nacho ni chombo chenyewe. Apple walitoa ripoti ya simu yao ya iPhone 13: kilo 64 za hewa ukaa kwa maisha yote ya simu, na asilimia 81 ya hizo zinatokana na kuitengeneza. Kuchimba madini, kuyeyusha, kutengeneza chipu. Yaani kilo 52 hivi zimeshaingia hewani kabla hujaiwasha. Gawanya kwa gramu 36 za Kamiya, unapata zaidi ya saa 1,400 za video. Anayebadilisha simu kila mwaka na asiyeangalia filamu hata moja amechafua zaidi kuliko anayeangalia kila usiku kwenye simu ya miaka mitano.

Na simu ile ikifa inakwenda wapi? Hapa Pemba, hapa Unguja, inakwenda wapi? Hilo ndilo nililofungulia uzi huu. Mafundi, watu wa minara, wa baharini, karibuni.

Fundi_Bodi

Wa alaykum salaam Maalim. Umegusa penyewe.

Mimi nina meza yangu Chake, sokoni. Simu inayoletwa kwangu mara nyingi haijafa. Ama mfumo wa chaji umeshika kutu, ama betri imevimba, ama kioo kimepasuka. Kisiwa chetu hiki hewa yake ni chumvi tupu, na mtu anatia simu mfukoni ametoka jasho au ametoka pwani. Ukiifungua unaona kijani kibichi kimeota kwenye tundu la chaji. Unasafisha kwa spiriti na mswaki laini, tundu likikataa unabadilisha, na simu inakwenda zake mwaka mwengine na zaidi.

Kinachotushinda ni spea na gundi. Simu za zamani ulikuwa unabandua mfuniko kwa kucha, unatoa betri, unatia nyengine. Za sasa betri imegandishwa. Inabidi upashe moto mgongo wa simu, upitishe kadi nyembamba pole pole, na roho iko mkononi, kwa sababu betri iliyovimba ukiitoboa inawaka pale pale mezani. Moshi wake mweupe unakaba koo. Mteja akisikia bei ya kioo akalinganisha na simu mpya ya bei rahisi, anaacha ya zamani kwangu anakwenda dukani. Ile mpya ya bei rahisi ndiyo haitengenezeki kabisa.

Umeuliza zinakwenda wapi. Bodi zilizokufa naziweka kwenye ndoo. Huja mtu kuzinunua kwa kilo, zinavuka kwenda Dar, anafuata dhahabu na shaba iliyomo. Betri hakuna anayezitaka. Vioo hakuna anayevitaka. Vinakaa kwangu mpaka vijae, kisha vinazolewa pamoja na maganda ya ndizi. Sina pengine pa kuvipeleka, na hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu najua ndani yake mna nini.

Mtu_wa_Darajani

Fundi kasema ya simu, mimi niseme ya makontena. Unguja tunapokea vitu vilivyotumika kutoka Ulaya na Dubai miaka nenda miaka rudi: friji, kompyuta, spika, televisheni. Nyingi zinafanya kazi na zimewasaidia wanyonge kumiliki vitu ambavyo vipya wasingevimudu. Hilo tusilikatae. Lakini katika mzigo kila mara mna vilivyokuja vimekufa, na gharama ya kuvitupa tumeachiwa sisi.

Zile TV za chogo ndizo zinazonitisha. Kioo chake mara nyingi kina zaidi ya kilo moja ya risasi, na nyingi nimeziona zimepasuliwa mitaroni, mtu kachomoa shaba ya nyuma kaacha mengine. Na nyaya zinachomwa. Nyuma ya nyumba za watu, jioni, vijana wanakusanya nyaya za chaja na za kompyuta wanatia moto plastiki iungue ibaki shaba. Moshi mweusi, mzito, unatambaa chini, na watoto wapo pale pale wanacheza.

Maalim_Vitongoji

Ahsante sana Fundi, ahsante mdau wa Darajani. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Plastiki ya nyaya nyingi ni PVC, ina klorini. Ikichomwa chini ya moto mdogo kama huo, pamoja na shaba, inazaa dioksini, sumu kali. Dioksini haiondoki na moshi. Inatua kwenye udongo, kuku wa kienyeji wanadonoa, inajikusanya kwenye mafuta ya mayai. Pale Agbogbloshie, Accra, mahali palipojulikana dunia nzima kwa kuchoma nyaya na kompyuta, ripoti ya mwaka 2019 iliyopima mayai ya kuku waliofugwa jirani ilikuta dioksini kwa kiwango cha kutisha: yai moja tu lilimpitisha mtu mzima mara 220 juu ya kipimo cha siku kinachokubalika Ulaya. Sisi hatuna Agbogbloshie. Tuna moto mdogo mdogo nyuma ya nyumba, na kuku wetu wanazunguka hapo hapo.

Jambo la pili ni maji. Kisiwa cha Unguja hakina mto mkubwa wala ziwa. Tunakunywa maji ya ardhini, visima na chemchem kama za Bububu na Mwanyanya. Na sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yenye matundu na nyufa. Mvua ya masika ikipiga, maji yanazama upesi bila kuchujwa vya kutosha. Betri, risasi na zebaki zikiachwa juu ya mawe kama hayo, hatuna mlima wa kuzizuia wala mto wa kuzipeleka mbali.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya taka za kielektroniki iliyotoka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22.3 tu. Afrika haifiki asilimia 1.

Kijana_Michenzani

Maalim nakuheshimu sana, lakini nauliza kwa nia njema. Kwa nini tubebeshwe sisi? Wenye seva ni Marekani, Ulaya na Uchina. Wanaobadilisha simu kila mwaka ni wao. Mimi nina simu moja, imepasuka kioo, na bando nanunua la siku. Halafu intaneti hii imetuokolea safari. Marehemu baba akitaka karatasi moja tu alikuwa akipanda boti kutoka Pemba kuja Unguja, analala siku mbili, anarudi. Leo mambo mengi yanamalizika kwa simu. Tukuza, umeme wa kulipia kabla, tunanunua tukiwa kitandani. Boti inakunywa mafuta kiasi gani? Hiyo mbona haihesabiwi?

Maalim_Vitongoji

Ndugu yangu, inahesabiwa, na upo sahihi. Safari ya boti au ya gari iliyookolewa na simu moja inaweza kulipa video za miezi. Ndiyo maana sitaki watu waambiwe waogope intaneti.

Na kuhusu nani mchafuzi, mfano mzuri ni Ireland. Nchi ile imebeba vituo vya data vya kampuni kubwa za Kimarekani, na mwaka 2023 vituo hivyo vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita nchini, kuliko nyumba zote za mijini zilizotumia 18. Google wenyewe walitangaza kuwa gesijoto zao zimepanda asilimia 48 kati ya 2019 na 2023. Hilo halikuletwa na mtu wa Michenzani mwenye bando la siku.

Ila angalia hivi. Umeme wa seva za Dublin siwezi kuuzima nikiwa Vitongoji, Pemba. Betri iliyotupwa Vitongoji hakuna mtu wa Dublin atakayekuja kuiokota. Uchafu wa matumizi uko kwao kwa wingi, uchafu wa mabaki uko kwetu.

Salma_wa_TEHAMA

Naomba kuuliza kuhusu akili mnemba (AI), maana wanafunzi wangu wanaitumia kila siku. Nasikia swali moja linakunywa chupa ya maji.

Maalim_Vitongoji

Bi Salma, Agosti 2025 Google walitoa vipimo vyao: swali la kawaida la maandishi kwa Gemini, akili mnemba yao, ni kama wati-saa 0.24 za umeme na matone matano ya maji hivi. Betri ya simu inabeba kama wati-saa 15, kwa hiyo chaji moja ni maswali sitini. Vipimo hivyo havijumuishi umeme wa kuifundisha hiyo akili, na kutengeneza video kwa akili mnemba ni habari nyengine, nzito zaidi. Mwanafunzi anayeuliza swali la hesabu asilaumiwe. Wa kuulizwa ni anayejenga kituo: umeme wake unatoka wapi na maji yake kayatoa kwa nani.

Mpanda_Mnara

Nimefuatilia uzi toka asubuhi. Kazi yangu ni minara ya simu, Unguja na Pemba, na nina la kuongeza ambalo wengi hawalioni.

Kwenye mtandao wa simu, sehemu kubwa ya umeme inaliwa na mnara. Redio zilizopo juu zinatuma mawimbi hata usiku wa manane kijiji kizima kimelala. Mnara wa kawaida unavuta kilowati 2 hadi 4 mfululizo. Umeme ukiwepo hakuna neno, siku hizi umeme wa gridi sehemu kubwa ni maji na gesi. Shida ni ukikatika. Betri zikiwa nzima zinabeba saa kadhaa. Zikichoka, zinabeba dakika, na jenereta linawaka.

Jenereta la kVA 20 likibeba mzigo mdogo kama huo linafanya kazi vibaya sana. Linakunywa zaidi ya lita moja ya dizeli kwa saa, na mengi yanatoka kama joto na moshi. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Umeme ukikosekana kwa muda wa saa 8, mnara mmoja umetoa zaidi ya kilo 21. Kwa hesabu ya Maalim hiyo ni saa 600 za video, kwa usiku mmoja, mnara mmoja, hata kama hakuna aliyeangalia kitu.

Wazee humu wanakumbuka. Waya wa umeme unaotoka Ras Kiromoni kuja Fumba uliwekwa 1980. Mwaka 2008 Unguja tulikaa kama mwezi mzima gizani, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kila duka la Darajani lilikuwa na jenereta mlangoni, na minara nayo ilinguruma usiku kucha. Mwaka 2013 tukapata waya mpya wa megawati 100. Pemba walikuwa wanategemea majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, walipovutiwa waya kutoka Tanga. Kila waya ule ulipoungwa, intaneti ya kisiwa ilipungua uchafu bila mtu yeyote kupunguza bando.

Dawa ninayoiona mimi: minara ya visiwa vidogo itiwe paneli za jua na betri za lithiamu, jenereta libaki la dharura. Jua tunalo. Na betri za risasi zinazotolewa kwenye minara zirudishwe kwa utaratibu, kwa sababu kila moja ni zito kuliko mfuko wa mchele na ndani mna asidi.

Kwa mtumiaji, nasaha yangu ni moja. Jambo zito kama filamu au masasisho ya simu lipakue kwenye Wi-Fi ya faiba ukipata nafasi. GB moja inayopita kwenye faiba inakula umeme mdogo kuliko inayopita hewani.

Mvuvi_wa_Nungwi

Na hiyo mikongo ya intaneti iliyolazwa chini ya bahari haiui samaki? Sisi tunaambiwa kila siku tusitie nanga penye matumbawe.

Mpanda_Mnara

Mzee wangu, mkongo wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009 na EASSy 2010, na sisi tunapata intaneti kupitia huko. Baharini kwenye kina kirefu mkongo una unene wa kidole gumba hivi, umelazwa tu juu ya mchanga, hautoi sumu. Karibu na ufukwe unavishwa vyuma na kufukiwa, na hapo ndipo njia yake ipitishwe kwa kukwepa matumbawe. Kwa kweli bahari na wavuvi wanaidhuru mikongo zaidi kuliko mikongo inavyowadhuru. Duniani hukatika kama mara 150 hadi 200 kwa mwaka, na nyingi ni nanga na nyavu za kukokota. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika kwa wakati mmoja kule Afrika Kusini na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya.

Kwa upande wa mikongo nina amani. Sina amani na dizeli na betri.

Bi_Mwani

Wanangu, mimi ni mkulima wa mwani huku Paje. Mwanangu ndiye ananiandikia.

Nilipoanza, wanawake tulikuwa tunalima kotoni, aina ya mwani. Ndiyo yenye bei nzuri. Sasa maji yamekuwa ya moto. Bamvua likitoka mchana wa kaskazi, maji yaliyobaki kwenye vidimbwi ukitia mguu unautoa. Mwani unaanza kuwa mweupe kwenye vifundo, kesho yake umelainika, ukiushika unakatika mkononi kama uliopikwa. Wengi tumehamia mwani ule wa bei ndogo kwa sababu unavumilia. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, alitufundisha kulima kwenye maji ya kina kwa nyavu za neli, na huko kotoni inakubali. Lakini huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wengi wetu hatukufundishwa kuogelea.

Mjukuu wangu ameniambia intaneti nayo inatia joto duniani. Nikamuuliza, basi niache kuulizia bei ya mwani kwa simu? Bei ile ya simu ndiyo inayonisaidia nisidhulumiwe. Nataka mnijibu.

Maalim_Vitongoji

Bi, shikamoo. Usiache. Simu yako ya kuulizia bei haina hata tone katika joto hilo. Joto hilo ni la makaa, mafuta na gesi inayochomwa duniani kote zaidi ya miaka mia moja, na seva zinazoendeshwa kwa umeme wa makaa ni sehemu ndogo yake inayokua haraka. Wewe ni katika wanaolipa deni ambalo hawakulikopa. Hili naliandika na moyo unaniuma, kwa sababu huku kwetu Pemba pia wapo ambao bahari imewaingilia mashamba ya mpunga, na udongo sasa ni chumvi.

Kijana_wa_Fumba

Naomba niingize la Fumba. Mwaka 2022 Serikali ilizindua Silicon Zanzibar ili kampuni za teknolojia zihamie hapa, na mimi ni mmoja wa waliopata ajira kwa sababu hiyo. Nimefurahi na naunga mkono. Kompyuta ya mtu anayeandika programu haina madhara makubwa.

Wasiwasi wangu ni siku atakapokuja mtu kutaka kujenga kituo kikubwa cha data. Seva zinatoa joto, na joto linaondolewa ama kwa maji ama kwa viyoyozi. Mji wa The Dalles, Oregon, Marekani, walikuja kujua mwishoni mwa 2022 kuwa vituo vya Google vilitumia zaidi ya robo ya maji ya mji mzima mwaka 2021, tena baada ya gazeti kupigania takwimu zile zitolewe. Mji ule una mto Columbia ubavuni. Sisi tuna visima. Na kupoza kwa kuvukiza maji kunafaa zaidi penye hewa kavu. Hapa unyevu ni mwingi, maji yangetumika na ubaridi usingetosha.

Wapo watakaosema tutumie maji ya bahari, kama Google wanavyofanya Hamina, Finland, toka 2011. Bahari ya Finland ni ya baridi. Yetu ni ya moto tayari, Bi Mwani ameshasema. Ukiyavuta maji ya nyuzi 28, ukayapitisha kwenye mitambo, ukayarudisha yakiwa ya moto zaidi kwenye matumbawe ambayo yalishapauka 1998 na 2016, unamaliza kilichobaki. Kwa hiyo tathmini ya mazingira ya kituo cha aina hiyo ianze na maji: yanatoka wapi, kiasi gani kwa siku, yanarudi wapi na ya moto kiasi gani. Na takwimu ziwe wazi kwa wananchi wa shehia zote zinazozunguka.

Kijana_Michenzani

Nimeelewa Maalim, na nimeelewa Bi Mwani. Swali langu sasa ni la vitendo. Nina kabati nyumbani lina simu nne zilizokufa na betri mbili, moja imevimba kama andazi. Nifanyeje leo?

Fundi_Bodi

Yakhe, ile iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usiibane. Itie kwenye mkebe wa bati wenye mchanga mkavu, uuweke nje ya nyumba pasipo jua wala mvua, mbali na mitungi ya gesi. Betri nzima ziba ncha zake za chuma kwa gundi ya karatasi au tepu ya umeme zisigusane. Simu nne zilete kwa fundi kabla hujazihesabu kuwa zimekufa. Aghlabu katika nne mbili hufufuka, na zilizobaki tunachuna kamera, spika na tundu la chaji za kutengenezea za wengine. Tafadhali usizitupe jaani na usichome chochote.

Maalim_Vitongoji

Nimeandaa rasimu ya barua, kwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA) na nakala kwa mabaraza ya miji ya Unguja na Pemba. Naomba muisahihishe kabla sijaikusanyia saini.

Tunaomba kila wilaya iwe na mahali pamoja palipoezekwa, penye sakafu ya saruji, pa kupokea simu, betri na nyaya bila malipo, na mafundi simu wawe wa kwanza kuruhusiwa kupeleka. Tunaomba kuchoma nyaya mitaani kupigwe marufuku kwa jina, na vijana wanaoishi kwa shaba ile wanunuliwe nyaya zikiwa na plastiki yake, ili riziki isikatike. Zanzibar tuliweza kupiga vita mifuko ya plastiki kabla ya Bara, ambako katazo lilianza Juni 2019. Hili nalo tunaliweza. Tunaomba kampuni za simu zieleze kila mwaka minara yao ya Visiwani imechoma lita ngapi za dizeli na betri zake za zamani zimekwenda wapi. Na lile la maji, kama alivyoliandika ndugu yetu wa Fumba, nimelitia neno kwa neno.

Mtu_wa_Darajani

Barua ni nzuri, ila umewasahau waingizaji, na mimi ni jirani yao. Kuanzia Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, unataka taka zote za kielektroniki, ziwe za hatari au zisizo za hatari, zisivuke mpaka bila ya nchi inayopokea kuridhia kwanza kwa maandishi. Sasa ukaguzi ufanyike bandarini Malindi kabla kontena halijatoka: kitu kiwashwe. Kikiwaka ni bidhaa, kisipowaka ni taka na kirudi kilikotoka kwa gharama ya aliyekipakia. Na kwa vile vinavyowaka, mwingizaji aweke amana ndogo kwa kila televisheni na kila kompyuta, fedha hizo ndizo ziendeshe mabanda yako ya kupokea. Wafanyabiashara waaminifu watakubali, kwa sababu wao wenyewe wanakula hasara ya mizigo mibovu wanayouziwa huko nje. Ukilitia hilo, saini za Darajani nitakukusanyia mimi.

Mpanda_Mnara

Na mimi ntakuletea za mafundi wa minara. Kwenye kipengele cha dizeli andika "kwa kila mnara", usiandike "kwa kampuni". Wakitoa jumla peke yake hatutajua ni kijiji gani kinachovuta moshi.